UZI: “Take one tablet at 8 a.m.” na maswali mengine ya tafsiri yanayokera

MfasiriWaMakole
Wakuu, salamu kutoka Dodoma. Kuna kipeperushi cha dawa kilichoandikwa kwa Kiingereza, kinatakiwa kwa Kiswahili, kisha nakala ya Kigogo ifuate. Sentensi moja tu imezua ubishi tangu asubuhi: “Take one tablet at 8 a.m. and 8 p.m. with food.” Rasimu iliyopo mezani inasema hivi: “Chukua kidonge kimoja saa 8 asubuhi na saa 8 jioni na chakula.”

Naomba mhesabu makosa. Na mwenye swali lake la maneno, sarufi au tafsiri alimwage hapahapa, uzi ni wa wote.

DawaBaridi
Makosa ni manne, na moja limejificha.

“Chukua” limetoka kwenye “take” bila kufikiri. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa dawa zote, sisi tunataja kitendo chenyewe: kidonge unameza, ya maji unakunywa, ya kutafuna unatafuna, ya chini ya ulimi unaiweka hapo iyeyuke. Ukiandika “chukua”, mtu amechukua na kuweka kabatini, na hajakosea.

Saa mnaijua wote. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza na tangu linapozama, kwa hiyo 8 a.m. ni saa 2 asubuhi na 8 p.m. ni saa 2 usiku. “Saa 8 asubuhi” haipo duniani. Akifuata tarakimu atameza saa 8 mchana na saa 8 usiku wa manane, akifuata neno “asubuhi” atabuni saa yake mwenyewe.

“Na chakula” pale mwisho linaning’inia, halijulikani limeshikana na kitenzi au na “jioni”. Andika “wakati wa kula au mara tu baada ya kula”.

Lililojificha ni “kidonge kimoja saa hii na saa ile”. Ni kimoja kila mara, au kimoja kwa siku nzima kigawanywe? Kiingereza kina utata uleule, ila wao wamezoea. Sisi turudie neno: “Meza kidonge kimoja saa 2 asubuhi na kidonge kimoja saa 2 usiku.” Inaongeza wino kidogo, inaokoa dozi.

BabuWaNgeli
Nakubaliana na Dawa Baridi. Naongeza kuhusu ile lugha ya dirisha la dawa, “kimoja kutwa mara tatu”. Watu wanaiandika bila kulisikiliza neno. *Kutwa* ni jua kuzama, *kucha* ni usiku kwisha, ndiyo maana tunasema mchana kutwa na usiku kucha. Ukimwambia mtu “kutwa mara tatu”, anayesikia Kiswahili vizuri atazibana dozi zote mchana: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 12 jioni. Kati ya ile ya mwisho na ya kwanza ya kesho yake zinapita saa 13 bila dawa.

DawaBaridi
Hapo ndipo penyewe. Dawa inayotakiwa kila baada ya saa 8 ingemezwa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kwa dawa ya kuua bakteria, pengo la saa 13 linaacha kiwango cha dawa mwilini kishuke, na wale wadudu wanapumua. Kosa ni la neno, si la mgonjwa.

Na kwenye dawa za maji msiandike “kijiko kimoja” mkaishia hapo. Kijiko cha chai kinahesabiwa mililita 5, cha chakula mililita 15. Ni mara tatu! Andikeni mililita, na kipimo kiwemo ndani ya boksi.

Kipilefti
Swali la mjinga: “kila baada ya saa 8” si inaweza kusomeka kama “kila ikishapita saa nane mchana”?

BabuWaNgeli
Si la mjinga hata kidogo. “Saa” inafanya kazi mbili: pale mshale ulipo, na urefu wa muda. Kiingereza kina maneno mawili, “o’clock” na “hours”. Ndiyo sababu mtaani watu wamejitengenezea *masaa*: saa nane ni pale, masaa nane ni urefu. Sarufi sanifu inataka “saa” ibaki saa umoja na wingi, kama nyumba, na mhariri akiona “masaa” anakata kwa kalamu nyekundu. Binafsi siandiki masaa, lakini wanaoyasema hawana uvivu wa lugha. Wameziba tundu.

DawaBaridi
Kwenye lebo ya dawa, Babu, mimi ningeliacha tundu lizibwe.

BabuWaNgeli
Haina haja. Orodhesha saa zenyewe tatu, utata umekwisha na mhariri amelala.

Kipilefti
Basi na siku. Kwa nini tuna “tano” mbili kwenye wiki? Jumatano ina tano, halafu nasikia Alhamisi nayo ni tano.

BabuWaNgeli
Hesabu mbili zimekutana kwenye kalenda moja. Ya Kiswahili inaanza baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza (*mosi*), Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano. Kisha tumeingiza jina la Kiarabu, na Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili, kwa hiyo *khamis* yao, ya tano, inaangukia siku inayofuata Jumatano yetu. Ijumaa nayo ni ya Kiarabu, siku ya kukusanyika.

Jingine la kuangalia ni usiku. Kwa hesabu ya zamani siku inaanza jua likizama, kwa hiyo “usiku wa Jumamosi” kwa mzee wa pwani ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi, na kwa kijana wa ofisini ni ule unaoufuata. Ukitafsiri “Friday night” kwenye tangazo la maji kukatwa au safari, andika “usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi”. Basi la saa 6 na nusu usiku ndilo linaloacha watu stendi: tarehe imeshageuka kwenye tiketi, lakini kichwani mwa abiria bado ni jana.

Faida tunayo mahali pengine. Baada ya kesho kutwa tuna *mtondo*, baada yake *mtondogoo*. Kiingereza pale kinabaki kuhesabu vidole.

ZabibuNyeupe
Mnajadili dawa, mimi nipo kwenye zao letu. Nani ametafsiri “mchuzi wa zabibu” kuwa “grape soup”? Limo kwenye andiko la mradi lililoletwa nisahihishe.

MfasiriWaMakole
Hahaha. Eleza vizuri mkuu, walio nje ya Dodoma nao waelewe.

ZabibuNyeupe
Huku kwetu mchuzi wa zabibu hauhusiani na sufuria ya nyama. Ni ile shurubati iliyokamuliwa na kusindikwa, inahifadhiwa kwenye matangi na kuuzwa kwa jumla kwa viwanda, kabla haijafika kwenye chupa yenye lebo. Mkulima asiye na soko la zabibu mbichi anauza mchuzi, kwa sababu zabibu zikishakatwa zinaharibika ndani ya siku chache, mchuzi unakaa. Kwa Kiingereza uliza kwanza umefikia hatua gani: ukiwa ndiyo kwanza umekamuliwa ni “must”, ukishachachuka na bado upo kwenye tangi ni “bulk wine”. “Soup” na “gravy” ni kamusi inayoongea peke yake.

Na zabibu lenyewe limehama maana. Kiarabu *zabīb* ni zile zilizokaushwa, mbichi wana neno lingine kabisa, *ʿinab*. Sisi tumechukua jina la kavu tukaliweka kwenye mbichi, kisha tukalazimika kusema “zabibu kavu” kwa zile ambazo Mwarabu anaziita zabibu tu. Anayetafsiri kati ya Kiswahili na Kiarabu kwa kuamini sura ya neno ataagiza tani za kitu kingine.

*Mvinyo* nalo ni Kireno, *vinho*. Ile *m-* ya mbele ni yetu.

Kipilefti
Hiyo “m-” ni kama “ki-” ya jina langu?

BabuWaNgeli
Jina lako ni somo zima la ngeli! Kiingereza “keep left”, kibao cha kwenye mzunguko wa barabara. Sikio la Mswahili likasikia *ki-*, likasema basi hiki ni kitu cha ngeli ya KI-VI, na kikiwa kimoja ni kipilefti, viwili ni vipilefti. Hakuna aliyefundishwa. *Kitabu* kilipita njia hiyohiyo: kwa Kiarabu *k* ni sehemu ya mzizi, kwetu imekuwa kiambishi, na wingi ni vitabu. *Madigadi* ni “mudguard”, ile “ma” ikasikika kama wingi, basi kipande kimoja kikaitwa digadi.

Ninalolipenda zaidi ni *waya*. Limeanza na w- kama wavu na wayo, kwa hiyo wingi wake ni *nyaya*, kama nyavu na nyayo. Neno la Kiingereza linavaa kanzu ya Kibantu hadi ndani ya mifuko.

Kwa mfasiri kuna kanuni ndogo hapa. Kabla hujatumia neno jipya, lijaribu kwa vitu vitatu: wingi wake, “-angu” yake, na kitenzi chake. Kishikwambi (“tablet” ya kielektroniki, si kidonge), vishikwambi, kishikwambi changu, kimeharibika. Limepita, na wakati wa Sensa ya 2022 lilisambaa nchi nzima. Tarakilishi, tarakilishi yangu, imeharibika. Sarufi imekubali, lakini mitaa ya Tanzania imebaki na kompyuta. Sarufi ikikubali na watu wakikataa, wafuate watu.

MwambaWaKondoa
Na maneno yanayotoka kwenye lugha zetu mnayasahau. *Ikulu* inayotajwa Chamwino kila siku ni makazi ya mtemi kwa Wanyamwezi na Wasukuma. *Kung’atuka* ni Kizanaki. Hayo hakuna aliyeyakopa Ulaya.

Sasa niwape fumbo la Kirangi. Kwenye lugha nyingi za Kibantu za Afrika Mashariki, kitenzi kisaidizi kinatangulia na kikuu kinafuata, kama Kiswahili “alikuwa anateka maji”. Kirangi, kwenye taarifa ya wakati ujao, kinageuza: kitenzi kikuu kwanza, kisaidizi chenye nafsi nyuma yake, halafu yambwa (kinachotendwa, hapa maji). Ukikivisha maneno ya Kiswahili ungepata kitu kama “kuteka ni-li maji”, maana yake nitateka maji. Na ukiuliza “nani atateka maji?”, mpangilio unarudi ule wa kawaida, kisaidizi mbele. Hivyohivyo ndani ya kishazi rejeshi, kile cha “ambaye”.

Kipilefti
Kwa nini kigeuke?

MwambaWaKondoa
Angalia majirani. Kondoa na Chemba ni mahali ambapo ndani ya mwendo mfupi unasikia Kibantu (Kirangi, Kigogo), Kikushi (Kialagwa, Kiburunge), Kinailoti (Kidatooga) na Kisandawe chenye vidoko, zile sauti za kubofya ulimi. Wapo wanaoona kwamba mpangilio huo umesaidiwa na kukaa na Wakushi muda mrefu. Kimbugwe, ndugu wa Kirangi upande wa Babati, nacho kina tabia hiyohiyo, jambo linaloonyesha kuwa si ajali ya kijiji kimoja.

Kosa la mfasiri wa Kirangi lipo hapa: anaandika kwa mpangilio wa Kiswahili, neno baada ya neno. Msomaji anaelewa, ila anasikia mgeni anaongea. Tena neno la kuuliza kama “nani” likikosekana, mpangilio wa swali umetumika kwenye taarifa na sentensi inayumba.

MfasiriWaMakole
Na Kisandawe kinaandikwaje? Vidoko havina herufi kwenye alfabeti yetu.

MwambaWaKondoa
Upande wa Farkwa na Kwa Mtoro, sauti za vidoko ni 15: aina tatu za kubofya ulimi (kwenye meno, kwenye ufizi, na pembeni), kila moja kwa namna tano za kuisindikiza. Kwa hiyo kuandika “k” au “t” mahali pa kidoko ni kufuta tofauti za maneno, si kurahisisha. Na tafadhali msikiunge na Kihadza cha Ziwa Eyasi kwa sababu tu vyote vina vidoko. Undugu wao haujathibitika.

Mlenda_Mkavu
Kurudi kwenye Kiswahili. Kwa nini tunasema “anakula” lakini si “akikula”? Mgeni aliuliza, darasa zima likanyamaza.

BabuWaNgeli
Swali zuri kuliko yote humu. Vitenzi vya silabi moja, *-la, -ja, -fa, -nywa, -pa, -wa*, vina tatizo la mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye “anala” mkazo ungeangukia *-na-*, na *-na-* haiwezi kuubeba. Inaletwa *ku-* ya kitenzi-jina iubebe: a-na-KU-la. Zisizobeba ni *-na-, -li-, -ta-, -me-, -nge-*: anakula, alikula, atakula, amekula, angekula. Zinazobeba zenyewe ni *-ki-, -ka-, -ja-, hu-*: akila, akala, hajala, hula. Viambishi vya yambwa navyo vinabeba, ndiyo maana ni “amemla”, si “amekumla”. (*-pa* haionekani sana kwenye kanuni hii kwa sababu daima ina mpewa: amenipa.)

*Enda* na *isha* zina silabi mbili, hazihitaji msaada, lakini zimezoea: anaenda na anakwenda zote zinapita.

Mlenda_Mkavu
Ngoja. Kama yambwa inaiondoa *ku-*, basi “simba amekula” ni nini?

BabuWaNgeli
Ni sentensi mbili. Simba ameshiba, au simba amekula *wewe*. A-me-ku-la, tahajia ileile, matamshi yaleyale. Muktadha ndio unaokuokoa, na kama ni ile ya pili hutauliza.

Hapo ndipo mashine za kutafsiri zinapoteleza. Nyingine: “vifaru wamepita” ni wanyama, “vifaru vimepita” ni magari ya vita. Upatanisho umebeba maana ambayo nomino haina. Na *a-* ya “amefika” haisemi mwanamume wala mwanamke. Mashine inalazimika kuchagua kwa Kiingereza, ikiona daktari inaandika “he”, ikiona muuguzi inaandika “she”. Haikuambiwa. Imebahatisha.

KifunguKidogo
Nipite na la sheria, maana tupo mji wa Bunge. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kazi ya kutafsiri imekuwa nyingi, na neno linaloumiza ni “shall”.

Kwenye Katiba utasoma “Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano”. Ile *-ta-* haitabiri kesho, inaweka jambo liwepo. Wenye mazoea ya sheria wanaisikia vizuri. Hatari ipo kwenye mikataba ya watu wa kawaida. “Mpangaji atalipa kodi kila tarehe 5” mmoja anasoma wajibu, mwingine anasoma ahadi au taarifa. Nashauri hivi: wajibu, andika “atawajibika kulipa” au “lazima alipe”. Katazo, “haruhusiwi”, si “hatafanya”. Kuanzisha kitu, iache *-ta-*.

“May” nayo: “Mwenye nyumba anaweza kuingia” ni ruhusa au ni uwezo wa miguu? “Anaruhusiwa kuingia, baada ya kutoa taarifa ya siku 3.” Na tarehe: “hadi tarehe 30” bila “ikiwemo tarehe 30 yenyewe” ni kesi inayosubiri jalada.

ZabibuNyeupe
Na “uncle” kwenye fomu za mirathi?

KifunguKidogo
Usitafsiri kabla hujauliza upande. Kaka wa mama ni mjomba. Kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, kutegemea nani alizaliwa kwanza. Kiingereza hakijasema, na kwenye mirathi tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe. Kama huna wa kumuuliza, andika kwa maelezo, “ndugu wa kiume wa mmoja wa wazazi”, ibaki na ubaya wake.

MwambaWaKondoa
Mfasiri, turudi kwenye nakala ya Kigogo. Mambo matatu tu.

Amueni herufi. Kiambishi ambacho Kiswahili ni *ki-* Kigogo kinatamkwa *chi-*, na maandishi ya lugha hiyo mara nyingi yanatumia *c* peke yake: Cigogo. Msichanganye c na ch kwenye ukurasa mmoja.

Amueni mnamsemesha nani. Salamu yenyewe inadai: *mbukwa* kwa mmoja, *mbukwenyi* kwa wengi, kama karibu na karibuni. Kiingereza “you” hakikuuliza. Kipeperushi cha dawa kinasomwa na mmoja, kibaki na umoja hadi mwisho.

Kisha tafsiri rejea. Mpeni mtu wa pili nakala ya Kigogo, ambaye hajauona Kiingereza wala Kiswahili, arudishe kwa Kiswahili. Linganisheni namba kwanza, kisha saa, kisha vitenzi. Na isomwe kwa sauti mbele ya wasikilizaji, kwa sababu wengi wanaokiongea Kigogo nyumbani wamejifunza kusoma kwa Kiswahili. Jicho linakwama mahali ambapo sikio linapita.

MfasiriWaMakole
Wakuu mmemaliza. Rasimu mpya hii hapa:

“Meza kidonge kimoja saa 2 asubuhi na kidonge kimoja saa 2 jioni, wakati wa kula au mara tu baada ya kula.”

DawaBaridi
Saa 2 jioni?

MfasiriWaMakole
Usiku. *Saa 2 usiku.* Nimeshaona.